Mama Silvano na Kamera Isiyoingia Maji

Nilishuka Chiungutwa kwa sababu macho yalikuwa hayaoni tena. Lori nililopanda Newala lilibeba mifuko ya salfa, nami nilikaa juu ya mifuko hiyo pamoja na mbuzi wawili na mtu mmoja aliyelala usingizi safari nzima. Tulipoanza kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala, mfuko mmoja ulichanika, na kuanzia hapo tulisafiri ndani ya wingu la njano. Dereva alinipigia kelele kwamba Masasi si mbali. Nikamwambia anishushe hapo hapo. Hapo ni wapi, sikujua.

Mwanamke mmoja alinishika mkono, akaniketisha kwenye benchi na kunimiminia maji usoni kwa kata, kidogo kidogo, huku akinikataza kuyafikicha macho. Nilipoweza kuyafumbua niliona pazia la bluu lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria inayopita juu yake. Mbele ya pazia kulikuwa na stuli. Nilikuwa ndani ya studio ya picha.

Kabla hajaniuliza jina wala natoka wapi, aliinyooshea kidole kamera ndogo iliyokuwa kwenye mfuko wa shati langu.

"Hiyo yako inaingia maji?"

Nilimwambia sijawahi kujaribu.

"Basi inaingia," alisema, akaenda kurudisha kata mtungini.

Jina lake lilikuwa Mabel, lakini waliomwita hivyo walikuwa watu wa kanisani tu. Wengine wote walimwita Mama Silvano, kwa mwanawe wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi Songea. Alizaliwa Lulindi, katika ukoo ulioanza kusoma kwa wamisionari tangu enzi za babu yake, na kwa miaka saba alifundisha darasa la kwanza. Kisha akaolewa na Fortunatus, mpiga picha aliyezunguka vijiji kwa baiskeli, pazia amelikunja nyuma na kamera shingoni. Mama Silvano ndiye aliyekuwa msaidizi wake, wa kupewa amri. Shika mwavuli hapa, simama pale, unazuia jua. Fortunatus alipofariki mwaka 1998, watu walikuja kuulizia bei ya kamera. Aliwajibu kwamba kamera iko kazini. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa na kuwapiga picha watoto waliotoka kupata kipaimara. Nusu ya zile picha zilitoka bila vichwa. Alizirudia bure.

Kulikuwa na kazi moja ambayo marehemu mumewe hakuweza kuifanya kamwe. Wali, wasichana waliokuwa wakifundwa, wanapotoka unyagoni, wanaume husimama barabarani na kusikiliza vigelegele. Mama Silvano alipita katikati yao na kuingia hadi pale anapopaswa kufika, akapiga zile picha zinazoruhusiwa, akaziacha zisizoruhusiwa, kwa kuwa mipaka hiyo alifundishwa mwenyewe akiwa msichana. Makungwi walimwamini. Kwa Mmakua, Myao au Mmakonde, Mwislamu au Mkristo, msichana hutoka unyagoni mara moja tu, na mama yake huitaka picha ya siku ile zaidi ya picha ya harusi. Kazi ya mwezi wa saba ndiyo iliyomlisha Mama Silvano mwaka mzima.

Lakini mwezi wa saba ndio mwezi wa salfa. Wakulima hupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule wa njano huingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye masikio ya watoto. Huingia pia kwenye kamera, na ukikutana na ukungu wa asubuhi unaoteremka kutoka Newala hula kila kitu cha chuma. Kamera ya mumewe ilikuwa ngumu, ikastahimili, lakini studio ya Masasi iliyokuwa ikisafisha mikanda ilifunga, na sasa kila mtu alitaka picha za dijitali. Alinunua kamera ya kwanza ya dijitali ikadumu msimu mmoja. Ya pili ilidumu wiki mbili. Emmanuel, fundi wa redio na simu pale Masasi, aliifungua mbele yake na kumwonyesha nyaya zilizogeuka kijani.

Na mwaka uliopita, alipokwenda Lulindi kumwona dada yake, alimkuta mgeni mmoja wa misheni kwenye bomba, anaosha kamera kwa maji na sabuni kama sahani. Alisimama pale mpaka mgeni yule akamaliza, akaifuta kwa khanga, akapiga nayo picha. Mama Silvano alinieleza jambo hilo mara tatu siku ile ile, na kila mara alinionyesha kwa mikono jinsi maji yalivyokuwa yakitiririka. Kitu kisichoingia maji, alisema, salfa itapita wapi?

Ilikuwa Julai 2009. Wali kumi na wanne wangetoka baada ya majuma mawili, na Bi Isabela, kungwi wao, alikwisha kuambiwa na watu kwamba safari hii kazi ya picha awaachie vijana wenye simu. Bi Isabela alikataa. Mama Silvano hakuwa na kamera.

"Wewe umezunguka," aliniambia. "Twende Masasi ukanichagulie."

Nilimweleza kwamba sijui chochote kuhusu kamera. Akasema si neno, maandishi ya maboksi si nitaweza kumsomea.

*

Miaka ile maduka ya Masasi, chini ya ile milima ya mawe, yaliuza vitu ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. Biashara ilikuwa huria, na mtu aliyeuza chumvi jana aliweza leo kuuza televisheni. Duka la Nikolao lilikuwa la kwanza kutoka stendi. Alikuwa na kamera tatu ambazo kwa kauli yake hazikuingia maji, na alizipanga juu ya meza ya kioo kwa uangalifu, kati ya betri za redio na viatu vya plastiki.

Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nyembamba, na mpira wa mlango wake haukuzidi uzi wa kushonea. Ya pili ilikuwa kamera ya kawaida iliyotiwa ndani ya mfuko mnene wa plastiki wenye kufuli. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya chungwa, nzito, mlango wake una makomeo mawili, na betri, kadi ya picha na tundu la chaji vyote vilikaa nyuma ya mlango huo mmoja. Mama Silvano aliziinua moja moja. Aliziweka sikioni na kuzitikisa, akapuliza kwenye maungio, akalamba kidole na kukipitisha kuzunguka mlango wa ile ya chungwa. Kisha akamsukumia Nikolao.

"Ichovye."

"Mama, hii bidhaa."

"Si umesema haiingii maji?"

"Haiingii. Lakini ukishaichovya umeinunua."

"Na ikifa?"

"Itakuwa imekufa ikiwa yako."

Wateja walikuwa wamesogea. Mmoja alimshauri Nikolao aichovye simu yake kwanza, watu waone imani yake. Mama Silvano alisema hata kuku wa mnadani mnunuzi huachiwa amshike kifua. Nikolao akajibu kuku hana garantii, na alipoulizwa kama kamera inayo alicheka na wenzake.

Walinigeukia mimi. Maandishi ya boksi la ile ya chungwa yalikuwa ya Kireno, maana ilikuwa imevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na Kireno nilikifahamu. Niliwasomea kwamba inakaa ndani ya maji ya kina cha mita tatu kwa muda wa saa moja.

"Mita tatu," Nikolao alirudia. "Mama Silvano, wewe Chiungutwa maji ya mita tatu utayapata wapi? Si afadhali uchukue hii ya mfuko?"

Duka zima lilicheka, Mama Silvano naye akacheka, lakini mkono wake haukuiachia ile ya chungwa. Aliniuliza ningechukua ipi kama ingekuwa pesa yangu. Nilijua kwamba swali hilo sina haki ya kulijibu. Ile ya mfuko ilikuwa na akili zaidi, kwa kuwa mfuko ukitoboka hununuliwa mwingine. Lakini boksi lilikuwa limeandika mita tatu, na mimi ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Nikasema ya chungwa.

Alilipa. Tukaitia chaji dukani hapo hapo, na tulipokuwa tukingoja tulikaa nje kula mihogo ya kukaanga, karatasi ya maelezo ikiwa juu ya goti langu. Nilimtafsiria. Kabla ya kutia kamera majini, futa mpira wa mlango usiwe na unywele wala punje ya mchanga. Kisha upake mafuta, kiasi kidogo, mpira wote ung'ae. Mafuta yake yako kwenye kichupa kidogo ndani ya boksi.

Kichupa hakikuwemo. Tulirudi kwa Nikolao, naye akaligeuza boksi juu chini na kulitikisa ili tushuhudie.

"Basi mafuta nitatafuta," alisema Mama Silvano.

Nikasema sawa.

*

Nilikuwa nielekee Tunduru, nikakaa. Kanisa lilikuwa na chumba cha wageni, na barabara ile haina mazoea ya kumtoa mtu haraka. Siku mbili kabla ya wali kutoka nilipita studio nikaiona kamera juu ya bati, juani, mlango umefungwa. Nilidhani anaianika baada ya kuifuta.

Jumamosi ile nilisimama barabarani pamoja na wanaume wengine. Tulisikia ngoma, tukasikia vigelegele, kisha wali wakatokea kwa mstari wakiwa na khanga mpya, vichwa vimeinama chini ya miavuli, na mbele yao wote alikuwa Queen, binti wa Theodora, mwanamke aliyefanya kazi ya kubangua korosho. Kina mama waliwarushia unga na maji. Katikati ya unga ule na maji yale nilimwona Mama Silvano, ameloa hadi kiunoni, akipiga magoti, akiinuka, akirudi kinyumenyume, kamera ikidondosha maji. Hakuifuta. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi hii huku ameficha kamera kwapani.

Wali walipokwisha kuketishwa, alitembea hadi kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni pa nyumba iliyotazama barabara, akaitumbukiza kamera nzima nzima na kuiacha humo. Wanawake walisogea kutazama. Akaitoa, akampiga picha Bi Isabela akiwa ameachama, akamwonyesha. Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Hata wanaume waliokuwa nyuma yangu barabarani, wasiouona mlango, walicheka bila kujua ni nini.

Kesho yake mchana alinitumia mtu aniite. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, kamera mapajani, kisu cha mezani mkononi.

Mlango haukufunguka. Makomeo yote mawili yalikuwa yameachia, lakini mlango wenyewe haukutikisika. Kuuzunguka wote kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa, mgumu kama kucha. Nilimuuliza alipaka mafuta gani.

Alipaka mafuta ya maganda ya korosho. Huko mafuta hayo hupakwa milango na nguzo za nyumba, mchwa hawagusi na mvua haiingii. Hakuna aliyemfundisha mtu jambo hilo, kila nyumba inalijua. Alikuwa ameyachemsha mpaka yakawa mazito, akayapaka kwa unyoya wa kuku kwa sababu yanaunguza ngozi, akafunga mlango na kuiweka kamera juu ya bati siku mbili ili yashike, kama afanyavyo kila mtu kwa mlango mpya. Yalikuwa yameshika.

Nilikwenda chumbani nikaichukua ile karatasi. Nyuma yake, chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mafuta mengine ya aina yoyote yasitumike. Nilirudi nikamwambia. Alinitazama kidogo.

"Hata ungenisomea," alisema, "ningetumia mafuta gani mengine ya kuzuia maji?"

Ndani ya kamera mlikuwa na picha za wali kumi na wanne. Chaji ilikuwa imebaki alama moja kati ya tatu, na hapakuwa na njia ya kuongeza, kwa kuwa tundu la chaji lilikuwa nyuma ya mlango ule ule.

Habari ilitangulia. Kabla ya jioni kina mama walikuwa wamejaa uani. Mama Silvano hakuwaficha. Aliwaonyesha mstari mweusi, akawaeleza kuhusu kadi na betri, akasema kesho ataipeleka Masasi kwa fundi. Mmoja akauliza kama picha zimo. Zimo. Mwingine akauliza kama zinaweza kuonekana. Aliposita kujibu, wote walielewa kwamba zinaweza.

Nilimshauri asiwashe. Nilisema kila akiwasha anakula chaji, na huenda fundi akaihitaji. Kusema kweli sikujua kama fundi angeihitaji. Bi Isabela, aliyekuwa amekaa chini ameinyoosha miguu, alisema kwa sauti ya chini.

"Mama Silvano, hawa wamekuja kuona watoto wao. Fundi simjui. Hawa nawajua."

Akaiwasha.

Ilianza na picha ya mwisho, na kutoka hapo alirudi nyuma. Kila mama alisogea, akainama juu ya kioo kisichozidi kiberiti, akakaa nacho kwa muda. Mmoja aligusa kioo kwa kidole kisha akakifuta haraka kwa khanga. Mmoja alisema mwanawe amekonda, wenzake wakamwambia ni unyago, atanenepa, na kama hanenepi amlaumu mpishi, ambaye ni yeye mwenyewe. Walicheka, lakini kicheko kifupi. Alama ya chaji ilikuwa imegeuka nyekundu. Niliiona, Mama Silvano aliiona, akaendelea kubonyeza.

Theodora alikuwa amekaa wa mwisho. Kwa kuwa binti yake ndiye aliyeongoza mstari, picha yake ndiyo iliyokuwa mbali kuliko zote kwa kurudi nyuma. Walipokwisha kumi na tatu, akainuka, akajipangusa mikono kwenye khanga na kusogea. Mama Silvano alibonyeza. Kioo kikawa cheupe, kikawa cheusi. Alibonyeza tena, akakipuliza, akaishika kamera tumboni mwake kama kuipasha joto. Theodora alibaki ameinama pale pale, anakitazama kioo kilichokwisha kuzimika, mpaka Bi Isabela alipomshika bega.

*

Jumatatu tulikwenda kwa Emmanuel. Aliigeuza kamera mara nyingi chini ya taa yake. Alijaribu spiriti, akajaribu petroli, akapasha moto bisibisi na kuona plastiki inaanza kulainika kabla ya ule mstari mweusi. Akaiweka chini. Alisema angeweza kuikata, lakini kadi iko sentimita moja nyuma ya mlango na yeye hana msumeno wa kazi hiyo. Akivunja kadi hatalala. Alimwambia Mama Silvano kwamba Dar es Salaam wako mafundi wenye mashine, mtaa gani hakuwa na hakika, aulize Kariakoo.

Tulipita mbele ya duka la Nikolao. Alituona, akaanza kusema neno, kisha akaingia ndani kupanga viatu.

Mama Silvano alikuwa hajafika Dar es Salaam maishani mwake. Siku mbili alikaa nyumbani, na siku zote mbili watu walikuja. Hakuna aliyemgombeza. Walimletea mihogo na kunde, wakamwuliza hali, wakakaa. Alisema afadhali wangemtukana. Theodora alikuja kila siku na hakuuliza kitu. Nilijitolea kwenda mimi badala yake, kwa kuwa jiji nalifahamu. Alikataa.

"Nikikupa wewe, wakija nitawaambia kamera yao iko kwa nani? Kwa mgeni?"

Alhamisi asubuhi basi la Masasi lilichelewa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kamera aliifunga ndani ya vitenge viwili, na vitenge akavitia kwenye begi la kitambaa alilolivaa kifuani chini ya khanga, na alikuwa ameandika majina kumi na manne kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, ili fundi akifanikiwa ahesabu. Aliniuliza kama mafundi wa Dar es Salaam wanayajua mafuta ya korosho. Nilimwambia sidhani. Akasema basi atawaeleza.

Basi likaja. Kondakta alitaka kuliweka begi juu, na Mama Silvano akamtazama mpaka akaondoa mkono. Alipata kiti cha dirishani upande ule wa pili, kwa hiyo sikumwona tena.

Mimi nilikuwa nimebaki kwa sababu gari la Tunduru lingepita Masasi kesho yake, au kesho kutwa. Vumbi lilipotulia nilimwona Theodora amesimama kando yangu, vidole vimejaa madoa meusi ya korosho. Nilimsalimu. Aliitikia, akauliza safari ya Dar es Salaam ni siku ngapi. Nikamwambia, barabara ikiwa nzuri, siku moja na usiku wake.

"Wewe Jumapili ulikuwa karibu na kioo," alisema. "Kabla hakijazimika, Queen alitokea hata kidogo?"

Nilikumbuka weupe tu. Nikamwambia sikuona. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusimama pale akiitazama barabara basi lilikoelekea, nami nikasimama naye.